Chatu wa kupewa au wa kununua?

"Daktari, habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 11, na mwaka mzima huu wimbo wake ni nyoka tu. Mimi na baba yake tumekubali tufuge mmoja asiye na sumu. Tunaishi ghorofa ya tatu hapa Nairobi West. Tuna pia msichana wa miaka mitatu, na mama mkwe hukaa nasi kila anapokuja kliniki. Sasa niko njia panda. Mfanyakazi mwenzangu anahama nchi mwezi wa tisa, na anatoa bure chatu wake mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa. Ni jike wa miaka sita, na anatoka na tangi lake la kioo la futi nne. Shida ni kwamba hajala tangu mwanzo wa Mei, na sasa tuko mwisho wa Julai. Aprili alikuwa gramu 1,500; juzi tumempima tena akawa 1,420. Mchana anawashiwa balbu, usiku inazimwa. Upande wa pili kuna kijana anayejiita mzalishaji. Ana mtoto wa chatu wa aina hiyohiyo, wa wiki tatu, mwenye mistari myembamba kama utando wa buibui, anapendeza sana. Anataka shilingi 40,000. Ameshakula mara moja. Kichwa chake hutikisika kidogo, lakini muuzaji asema huo ni woga wa utoto. Karatasi 'zitafuata'. Dada yangu ananionya kwamba nyoka mkubwa hamzoei mwenye mpya, na kwamba cha bure hakikosi walakini. Nichukue yupi?"

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umempima. Zile tarakimu mbili za gramu, 1,500 na 1,420, zinaniambia mengi kuliko picha kumi. Ukiyachuja maneno yako, unauliza mambo mawili: kama huyu jike ni mgonjwa, na kama atamzoea mtoto wako. Jibu langu fupi ni kwamba kati ya hao wawili, mchukue jike, iwapo karatasi zake ziko sawa. Huyo mtoto mwache hata akipunguziwa bei hadi nusu. Sasa nikueleze kwa nini, maana sababu zenyewe ndizo zitakazokusaidia hata kama wote wawili wataponyoka na ukabaki kutafuta mwingine.

Tuanze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo safari inaweza kukatika. Nchini Kenya mnyamapori hafugwi kienyeji. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na nyoka wamo. Wengi wanakumbuka jinsi watu walivyoshangaa enzi ya biashara ya kware, walipoambiwa kwamba hata yule ndege mdogo anahitaji leseni. Na mwaka 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza wanaume wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na wadudu aina ya chungu. Ikiwa mdudu anampeleka mtu kortini, chatu hatakosa kuulizwa. Zaidi ya hapo, chatu wote wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Huyu wenu, Python regius, yuko Kiambatisho cha II, na si mwenyeji wa Kenya. Maana yake ni kwamba aliingia nchini kwa kibali, au alizaliwa hapa na wazazi walioingia kwa kibali, au alipitishwa kwa mlango wa nyuma. Hakuna njia ya nne.

Mwombe mwenzako akuonyeshe kibali chake na karatasi za asili ya nyoka. Kwenye kibali cha CITES kuna kisanduku cha chanzo chenye herufi moja tu, na herufi hiyo isome kabla ya kitu kingine chochote. C ni mnyama aliyezaliwa kifungoni na wazazi waliokuwa kifungoni. F amezaliwa kifungoni, lakini uzao wake haujatimiza masharti yote ya C. R ametokana na mayai au watoto waliochukuliwa porini wakalelewa, na W ametolewa porini moja kwa moja. Hii aina yenu ndiyo iliyosafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ni ya R: majike wenye mimba au mayai yao huchukuliwa mashambani, watoto wakianguliwa wakauzwa. Nyoka wa R si lazima awe mbaya, ila aghalabu huja na minyoo na utitiri, na mara nyingi muuzaji humwita "wa kuzalishwa" bila haya.

Usidhani kwamba kibali cha mwenzako kinakuhamia wewe pamoja na tangi. Nendeni wote wawili KWS, makao makuu yako Lang'ata Road kwenye lango kuu la Mbuga ya Nairobi, mkaulize namna ya kumhamisha kabla hajatoka kwake. Akikuambia hana kibali chochote, usimpakie kwenye gari "tutatengeneza baadaye". Yeye ndiye wa kwenda kueleza akiwa bado naye, na wewe subiri. Najua inauma mtoto akiwa tayari amempa jina, lakini ukimpokea bila karatasi, kosa linakuwa lako tangu dakika hiyo.

Sasa tuje kwenye kuzoea. Dada yako anamfikiria nyoka kama mbwa: ukimpata mdogo atakupenda, ukimpata mkubwa moyo wake uko kwa mwingine. Chatu hana kifungo cha namna hiyo na mtu yeyote. Anachofanya ni kujifunza kwamba jambo fulani halimletei madhara, na kila likirudiwa hofu hupungua. Mkono wenye joto unaomwinua taratibu kutoka ubavuni, bila kumbana, ukirudiwa mara 200, unaacha kuwa tishio. Huyu jike ameinuliwa kwa miaka sita. Mtoto wa wiki tatu hajainuliwa kitu, na mwili wake wa gramu 60 au 70 unamwambia kwamba kila kinachotoka juu ni ndege anayekuja kumla. Ndiyo maana watoto wa chatu hurukaruka na kuuma, na wakubwa hujiviringa tu wakasubiri upite. Kwa kijana wa miaka 11 anayejifunza, mwalimu bora ni yule mkubwa aliyetulia.

Kuna faida nyingine ya mkubwa ambayo haisemwi sana: anasamehe makosa. Mtoto wa chatu anakula kila baada ya siku 5 hadi 7, mlo wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo panya mchanga wa gramu 6 hadi 10. Akikataa wiki nne mfululizo tayari una tatizo, kwa sababu hana akiba. Jike wa kilo moja na nusu anatosheka na panya mmoja wa gramu 70 hadi 100 kila wiki tatu au nne. Hao ni panya kama 15 kwa mwaka. Ukikosea joto kwa siku mbili, yeye atakaa kimya tu. Mtoto anaweza kutapika mlo na kuanza kudhoofika.

Hapo tunafika kwenye lile linalokukosesha usingizi, kutokula kwake.

Fanya hesabu nami. Amepungua gramu 80 kutoka 1,500. Ni asilimia tano na kidogo, kwa karibu miezi mitatu. Kwa mbwa ungeshtuka. Kwa chatu huyu, mwenye uzito huo, ni mfungo wa kawaida. Mwili wa chatu umeundwa kwa kula mara chache. Akishameza, utumbo, ini na hata moyo wake huongezeka ukubwa kwa siku kadhaa ili kumudu mlo. Kazi ikiisha vyote hunywea tena na mitambo huzimwa. Akiwa hana chakula tumboni anatumia nishati kidogo mno. Kinachotakiwa ni kufuatilia mwelekeo wa uzito, na mstari wa hatari nauweka kwenye asilimia 10. Kwake yeye ni gramu 1,350.

Na kwa nini Mei? Angalia dirishani. Mei mvua ndefu zinaisha na Nairobi inaingia kwenye baridi. Juni na Julai jua lenyewe hulioni siku nyingi. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nje inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Ndani ya nyumba isiyo na kipasha joto, nyuzi 17 au 18 kabla ya mapambazuko si ajabu. Sasa mchukue mnyama ambaye mwili wake haujitengenezei joto, mzimie balbu saa tatu usiku, mwache kwenye kioo hadi asubuhi. Vimeng'enya vya tumbo lake vinahitaji nyuzi 30 na ushee ili vifanye kazi. Bila joto hilo, panya aliyemezwa huoza tumboni kabla ya kumeng'enywa. Nyoka huyo anapokataa chakula anafanya jambo la busara kabisa. Kwa hiyo huo mnaouita ugonjwa wake, kwa maelezo uliyonipa, unaelekea kuwa ni swichi ya ukutani.

Nasema "unaelekea" kwa sababu lazima uthibitishe, na kuthibitisha ni kazi ya usiku mmoja. Nunua themomita mbili za kidijitali zenye waya wa kihisio. Kihisio kimoja kiweke sakafuni mwa tangi upande wa joto, pale anapolala. Kingine upande wa baridi. Mwombe mwenzako asome saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Upande wa joto unatakiwa nyuzi 31 hadi 33 mchana na usiku, upande wa baridi 24 hadi 26. Ukikuta alfajiri 18 pande zote, umepata jibu lako. Ukikuta joto liko sawa usiku kucha na bado hali, basi daktari amwone kabla hujampokea.

Tiba ya baridi ni rahisi. Ile balbu nyeupe iondoke, iingie balbu ya seramiki isiyotoa mwanga, yenye wavu wa chuma mbele yake ili asiiguse, na iunganishwe na themostati, yaani kidhibiti cha joto. Themostati si pambo. Bila hiyo balbu itachemka mchana wa Februari na nyoka ataungua. Nyoka hana wepesi wa kuhisi kwamba tumbo linaungua na kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo yale mawe ya plastiki yenye waya wa umeme ndani yake usiyaguse hata ukipewa. Mkeka wa joto nao unafaa ukiwekwa chini ya theluthi moja ya tangi, lakini katika tangi refu la kioo hupasha tumbo tu na hewa ikabaki baridi, hivyo kwa Nairobi ya Julai peke yake hautoshi. Mgongo wa tangi na ubavu mmoja vibandike stairofomu kwa nje. Kifaa cha wati 80 kikiwaka nusu ya muda kinakula karibu yuniti moja kwa siku, kwa hiyo weka yuniti 30 za tokeni kwa mwezi kwenye bajeti yako.

Stima ikipotea, usihangaike. Funika tangi kwa blanketi, acha upenyo wa hewa, na weka chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa taulo upande mmoja. Usiku mmoja wa nyuzi 20 haumdhuru nyoka mwenye tumbo tupu. Anayedhurika ni aliyekula jana. Ndiyo sababu wanaofuga hapa mjini husoma matangazo ya Kenya Power ya kukatwa kwa umeme kabla ya kutoa mlo, na mlo unangoja.

Sasa huyo mtoto mwenye utando wa buibui. Rangi hiyo inatokana na jeni moja, na jeni hiyohiyo huambatana na kasoro ya sikio la ndani, kiungo kinachompa mnyama mizani ya mwili. Kichwa hutikisika, wengine hujisokota kama bisibisi wanapokamata chakula, wengine hushindwa kujigeuza wakilala chali. Si woga, na haiponi kwa kukua. Kiwango hutofautiana, na wapo wanaoishi miaka mingi wakila vizuri, lakini mara nyingi huzidi mnyama anaposisimka, na watoto wawili nyumbani ni msisimko. Mzalishaji anayeijua kazi yake angekuambia hilo kabla hujauliza. Huyu ama hajui alichokizalisha ama anajua na amenyamaza, na mimi sioni namna ya kumtetea katika yote mawili.

Tena wiki tatu ni mapema mno. Mtoto wa chatu hujivua gamba la kwanza wiki moja au siku 10 baada ya kuanguliwa, ndipo anaanza kula. Mzalishaji makini hamwachii mpaka amekula milo mitano mfululizo bila kulazimishwa, na hukupa daftari lenye tarehe, aina ya chakula na gramu. Mlo mmoja haumaanishi kwamba nyoka anakula.

Lakini sitaki uondoke ukidhani wazalishaji wote ni hivyo, kwa maana kununua kuna heshima yake. Ukimpata mwenye leseni, akakuonyesha wazazi wakiwa hai, akakutajia siku ya kuanguliwa, akakupa daftari na karatasi siku hiyohiyo, unapata kitu ambacho nyoka wa kupewa mara chache huja nacho: historia yote tangu yai. Unajua hajawahi kukaa chumba kimoja na nyoka wa porini. Kuna virusi vya chatu vinavyoshambulia mapafu, na vingine vinavyoharibu neva, ambavyo nyoka huweza kuvibeba kwa miezi bila dalili. Ukoo uliofungwa, usioingiza wageni ovyo, ndio kinga bora zaidi. Kama huyu jike wa mwenzako angekuwa na umri usiojulikana, amepita mikono minne, na hakuna anayekumbuka alikula nini lini, ningekuambia utafute mzalishaji wa kweli na ungoje hata mwaka. Hapa mjini hatuna makao makubwa ya nyoka wasio na wenyewe kama yaliyoko Uingereza au Marekani, ambapo mnyama huchunguzwa kwanza ndipo akatolewa. Kwetu nyoka wa kupewa hutoka mkononi kwa mtu hadi mkononi kwa mtu, na uchunguzi ni wako.

Na neno moja kwa kijana wako: nyoka aliyeokotwa Rongai au Kitengela na mtu akasema "huyu hana sumu, mchukue" si nyoka wa kupewa. Yule nyoka mla mayai asiye na meno ya maana anafanana sana na aina ya kifutu wa usiku, na wanaowatofautisha kwa haraka ni wachache. Asiguse.

Uchunguzi wenyewe wa huyu jike utachukua robo saa. Nenda mchana, na karatasi nyeupe ya jikoni na tochi. Anza na bakuli la maji: vidoto vyeusi vilivyozama, kama punje za pilipili manga, ni utitiri. Mpitishe mkononi juu ya ile karatasi nyeupe mara mbili, kisha utazame karatasi na viganja vyako. Mulika ukingo wa macho na mikunjo ya chini ya kidevu, ndiko hujificha. Mweke karibu na sikio lako umsikilize akipumua; anatakiwa asisikike. Mluzi, mlio wa mapovu, ute puani au mdomo ulioachama akiwa ametulia ni maambukizi ya mapafu, na baridi ya usiku huyaalika. Tazama macho yote mawili: yawe angavu na laini. Jicho lenye mikunjo kama nailoni iliyokauka limebakiwa na ngozi ya kujivua kwa zamani. Usiikwangue, wala usimruhusu mtu aikwangue. Unyevu wa tangi ukipandishwa hadi asilimia 60 au 70, kwa kawaida hutoka na gamba linalofuata. Pitisha vidole mgongoni: mwili uwe wa mviringo, na uti wa mgongo usichomoze kama paa la nyumba. Mwisho, mgeuze utazame tumbo, kama kuna magamba mekundu, meusi au yenye malengelenge. Omba pia picha za kumbukumbu za mlo, hata kama ni jumbe za simu. Tarehe tano za kweli zinatosha.

Akipita hapo na karatasi zikikamilika, tangi litangulie. Lisimamishe kwako siku tatu kabla yake, joto likikaa sawa bila kiumbe ndani, kufuli ikiwa mlangoni. Kufuli kweli, si kitabu kilichowekwa juu. Chatu hujaribu kila upenyo, usiku baada ya usiku. Weka maficho mawili ya kumbana, moja kila upande, kwa sababu nyoka mwenye ficho moja upande wa baridi atachagua usalama aache joto. Msafirishe ndani ya foronya ya pamba iliyofungwa fundo, foronya ndani ya boksi lenye matundu, katika gari lililofungwa madirisha. Akifika, asiguswe kwa siku saba hadi kumi. Hilo ndilo litakalokuwa gumu kwa kijana wako kuliko yote, basi mpe kazi ya kusoma themomita na kuandika.

Mlo wa kwanza ni baada ya hapo. Panya mweupe aliyezalishwa na kugandishwa, si wa mtego. Panya wa mtego wa Nairobi huenda amekula sumu ya panya, na sumu ile hupita kwa anayemla. Panya hai naye ana meno, na nyoka asiye na njaa huweza kung'atwa hadi mfupa. Mwache panya ayeyuke kwenye friji usiku kucha ndani ya mfuko uliofungwa, ndani ya kopo lenye mfuniko ambalo kazi yake ni hiyo tu. Kisha mtumbukize na mfuko wake katika maji ya moto kiasi hadi mwili uwe vuguvugu, kama nyuzi 38. Maikrowevu hapana, hupika tumbo likapasuka. Mpe kwa koleo refu, jioni, taa zikiwa hafifu. Asipokamata kwa robo saa mwachie mlangoni pa ficho usiku mmoja, asubuhi umtupe huyo panya. Usirudie kesho, ngoja siku kumi. Watu humsumbua chatu kila jioni kwa panya mpaka akaona panya ndiye adui.

Kuhusu walio nyumbani. Nyoka mwenye afya kabisa hubeba Salmonella kwenye kinyesi na ngozini bila kuugua, na wanaoumia zaidi ni watoto walio chini ya miaka mitano na wazee. Wote wawili unao. Kwa hiyo bintiyo asimshike, wala asicheze sakafuni pale nyoka anapotambaa, na tangi likae chumba kisicho cha kulala cha mama mkwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, bakuli la maji lioshewe kwenye beseni lake bafuni, kamwe si kwenye sinki ya jikoni. Kama huwezi kulinda sharti hili, hiyo ni sababu tosha ya kungoja hadi binti afike miaka mitano, na wala si aibu. Mwenye nyumba ajue na akubali kwa maandishi. Majirani na dada wa kazi waambiwe mapema. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wengi wetu tumekulia mahali ambapo hofu hiyo ina sababu.

Fikiria pia muda. Aina hii huishi miaka 20 hadi 30 kifungoni, na katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60. Kijana wako akiwa chuo kikuu, mtunzaji utakuwa wewe. Mkishindwa, asiachiwe msitu wa Karura wala mtoni: si mwenyeji, baridi itamuua polepole, na magonjwa yake atawaachia wenyeji.

Tafuta daktari wa mifugo aliyewahi kutibu reptilia sasa hivi, kabla hujamhitaji, kwa sababu si wengi. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Upper Kabete ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Mpeleke siku hiyohiyo akipumua kwa mdomo wazi, akitoa mapovu, kichwa kikianza kupinda au kutazama juu bila sababu, au nyama ikitokeza nje mkiani. Akitapika mlo mara moja, mwache siku 14 bila chakula na ukague joto. Akitapika mara ya pili, ni kwa daktari.

Na kuhusu huu mfungo wa sasa: mpime kila wiki mbili, siku ileile, mizani ileile ya jikoni iliyotengewa yeye, ndani ya bakuli lenye mfuniko. Joto likiwa limesimama kwenye nyuzi 32 usiku na mchana kwa wiki nne, wengi huanza kutoka mafichoni jioni na kuonja hewa kwa ulimi, na hapo ndipo panya hukamatwa. Ikifika mwisho wa Septemba, baridi imeisha, joto liko sawa, na bado hajala, au siku yoyote mizani ikisoma chini ya gramu 1,350, mpeleke kwa daktari pamoja na daftari la uzito na kinyesi kibichi kwenye kopo safi, kwa sababu kitu cha kwanza atakachotaka kutafuta ni minyoo.